Finjani ya Mjumbe wa Mkarafuuni

Thabit bin Aflah alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Unguja kwa miezi sita na siku chache, na ukimpa nafasi ya kukusimulia miezi hiyo, basi ujue chai yako itapoa na miguu itakufa ganzi. Alichaguliwa Julai ya mwaka 1963 na watu wa Mkarafuuni, huko Pemba, kwa ahadi moja kubwa: atawaletea kituo cha uzazi, wake zao wasibebwe tena kwenye kitanda cha kamba maili tisa kumfuata mkunga. Watu walimwamini. Alikuwa na sauti ya kujaza uwanja, kanzu iliyonyooka, na kwenye mikutano ya kampeni aliweza kusema saa mbili bila ya kuomba maji.

Kisha akaingia Barazani, na humo ndani, mbele ya Spika na wigi lake na wale mawakili waliosomea Ulaya, sauti ikamkimbia. Hotuba ya kituo cha uzazi aliiandika mara nne. Kila siku ya kikao aliingia nayo mfukoni, na kila siku alitoka nayo mfukoni, imelowa jasho. Katika kumbukumbu rasmi za Baraza, zile zinazoandika kila neno la kila mjumbe, yeye ametajwa mara moja tu, siku waliyojadili bei ya karafuu. Pameandikwa: "Mjumbe wa Mkarafuuni: Naam, naam." Basi. Miezi sita ya siasa, neno moja lililosemwa mara mbili.

Januari ya mwaka 1964 mambo yakapinduka, Baraza likafungwa, na Thabit akajikuta kwenye sitaha ya meli na mkewe Mahfoudha, binti yao Muhsina, na bati la biskuti lililobeba kila karatasi waliyobaki nayo. Ndani ya bati mlikuwa na hati ya ndoa, cheti cha ukunga cha Mahfoudha, na ukurasa ule wa "Naam, naam." Hotuba ilisahauliwa katika mfuko wa koti, na koti likabaki Unguja limening'inia nyuma ya mlango. Alilia njiani, wala hakuona haya kulia. Kilichomliza zaidi si kiti wala nyumba. Ni wale wanawake wa Mkarafuuni, ambao walikuwa bado wanabebwa kwenye kitanda cha kamba.

Walifikia Maskati, nchi ya babu zao ambayo walikuwa hawajapata kuiona, wakapata nyumba ndogo nje ya ukuta wa mji, hatua chache kutoka Mlango Mkubwa. Thabit alipata kazi ya kuandika barua za Kiingereza kwa tajiri mmoja wa Kihindi kule Matrah. Majirani waliotoka Unguja wakamwita Mheshimiwa, wengine kwa heshima na wengine kwa kumchokoza, naye akaitikia wote sawasawa. Nyumbani kwake aliendesha mambo kwa kanuni za Baraza. Mahfoudha akimwambia paa linavuja, hujibu kwamba suala limepokelewa. Akimwambia mara ya pili, hujibu kwamba limepelekwa kamatini.

"Kamati ya nani?" Mahfoudha humuuliza. "Yako weye na paka?"

Mahfoudha hakuwa na kamati. Alikuwa na mkoba wa ngozi, mikono miwili mizuri, na cheti, na haukupita mwaka ila wanawake wa ndani ya ukuta na wa nje ya ukuta walikuwa wanamjua yeye zaidi kuliko wanavyomjua mumewe. Tatizo lilikuwa ukuta wenyewe. Maskati ya siku hizo, saa tatu za usiku mzinga hupigwa ngomeni na milango ya mji hufungwa. Aliye ndani yumo ndani na aliye nje yuko nje, mpaka alfajiri, na hata huko alipo lazima atembee na fanusi mkononi. Watoto wachanga, kwa bahati mbaya, hawaujui mzinga.

Mwaka wa 1968 mwanamke mmoja aitwaye Hind, ambaye nyumba yake iko ndani ya mji, imeegemea ukuta wa Mlango Mkubwa kabisa, alishikwa na uchungu baada ya mzinga. Mahfoudha, aliyeitwa kwa kelele juu ya ukuta, alifika na fanusi lake, akagonga mlango. Bawabu alikuwa Amur, mtu mzima asiye na mke, anayeipenda amri kama wengine wanavyopenda halwa. Akakataa kufungua. Mahfoudha hakumbembeleza. Alisimama nje akatoa maagizo kwa sauti ya juu, na Amur akalazimika kuyachukua mbio mpaka dirishani kwa Hind na kurudi na majibu. "Anasema usisukume bado! Anasema upumue! Anasema sasa, sasa sukuma!" Mtoto alizaliwa salama, na mji mzima ukacheka mwezi mzima. Tangu siku hiyo Amur akikutana na Hind sokoni hugeuza uso na kutazama samaki.

Mahfoudha alicheka pia, lakini moyoni hakucheka. Siku ile ilipita vizuri. Alijua kuna siku ambayo sauti peke yake haitatosha.

Basi mwaka wa 1969 ukafika, na Muhsina, binti yao wa pekee, akawa na mimba ya kwanza. Alikuwa ameolewa na Ishaq, kijana mpole wa ndani ya ukuta, aliyekulia Unguja kwa mjomba wake na kurudi Maskati mapema. Kwa desturi ya kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Lakini mama yake Ishaq, Bi Kheiria, alikuwa mtu wa Maskati aliyekaza, akasema mjukuu wake atazaliwa ndani ya nyumba ya baba yake, chini ya paa la babu zake, na mkunga atakaribishwa kwa mikono miwili pindi atakapohitajika.

"Atakapohitajika!" Mahfoudha alisema alipofika nyumbani, akautupa mkoba kitandani. "Na akihitajika saa nane za usiku? Nkalale huko kwake mwezi mzima? Nna wanawake wengine watatu huku nje, na mwezi wao ni huu huu. Nkilala ndani, hawa wa nje nawafungia. Nkilala nje, mwanangu nafungiwa."

Thabit alikuwa amekaa mkekani, anachonga kalamu. Aliendelea kuichonga.

"Mlango ule una kilango kidogo," Mahfoudha akasema. "Mtu mmoja anapita akiinama. Hawaambiwi wafungue mji. Wafungue kilango, mkunga apite, wafunge. Sheikh Marhoon ndiye mwenye usemi juu ya milango. Nenda kwake ukaseme."

"Suala hili—"

"Ukinambia limo kamatini, Baba Muhsina, wallahi nakupiga na mkoba."

Thabit akaweka kalamu chini. Alimtazama mkewe, akaona kitu ambacho katika miaka ishirini na miwili ya ndoa alikiona mara mbili tu: Mahfoudha alikuwa anaogopa. Akamwahidi kwamba atakwenda, na atasema. Na usiku ule hakulala vizuri, kwa sababu aliijua historia yake mwenyewe.

Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, na kama ada yake Thabit akaanza kufunga zile siku sita za Shawwal. Siku ya nne ya funga yake, Ishaq alikuja kumchukua baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na habari.

"Baba, forodha wanataka karani anayejua Kiingereza," alisema. "Na anayemteua ni Sheikh Marhoon huyu huyu. Twende kwenye sabla yake leo. Akuone tu, akujue."

Thabit alivaa kanzu yake nzuri. Njiani alikuwa na mambo mawili moyoni. La kwanza lilikuwa kilango, alichoahidi. La pili lilikuwa meza yake mwenyewe forodhani, yenye droo, na watu wakisimama mbele yake wakimngoja asaini. Miaka karibu sita alikuwa anaandika barua zinazosainiwa na mtu mwingine. Asingekuwa binadamu kama hakuitamani meza ile.

Sabla ya Sheikh Marhoon ilikuwa chumba kirefu chenye mazulia na mito, na wazee kumi na tano au ishirini wameegemea kuta, kila mmoja na bakora yake. Sheikh mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe na macho ya kucheka, ingawa mdomo haukuwa ukiyafuata macho mara nyingi. Salamu zilikuwa ndefu. Thabit, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini zaidi kuliko cha mazungumzo, alizijibu salamu zote, kisha akajitia kuyatazama mazulia.

Ikaja sinia ya tende. Thabit akachukua moja kwa adabu, na watu walipogeuka akaitumbukiza mfukoni. Kusema kwamba amefunga alikuwa hawezi. Mwalimu wake wa chuoni huko Pemba, Mungu amrehemu, aliwatia hofu wanafunzi wake wote juu ya mtu anayejitangaza kwa funga ya sunna. Kwa mwalimu yule, bora umeze jiwe kuliko kumwambia mwenzio leo nimefunga. Thabit alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na bado alimwogopa.

Kisha ikaja kahawa. Mzee mmoja alizunguka na mdila mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, akammiminia Thabit, akamkabidhi. Thabit aliipokea, akashukuru, akaiweka chini mbele yake, juu ya zulia. Hakuona ubaya wowote. Kwao Pemba finjani unaweka unapotaka, barazani, gotini, juu ya jiwe, na kahawa inakungoja umalize hadithi.

Mzee wa mdila alisimama pale pale. Aliyekuwa anapeleka finjani mdomoni akairudisha. Sheikh Marhoon akamtazama Thabit, kisha akaitazama finjani, kisha akamtazama Thabit tena.

"Kunywa kahawa yako," alisema.

Thabit akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akashukuru. Hakunywa.

"Kunywa, ewe Thabit. Una haja gani?"

Ishaq, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa mkwewe, aligeuka rangi. Akainama kama anayejikuna mguu na kumnong'oneza kwa Kiswahili, haraka haraka. "Baba, umefanya nini? Hapa mgeni akiweka finjani chini hajainywa, ndiyo ameleta ombi. Hanywi mpaka akubaliwe, na mwenye nyumba akikataa ni aibu yake mbele ya watu wote. Umemkamata Sheikh!"

Jasho likamtoka Thabit, lile lile la Barazani, alilijua tangu linapoanzia. Njia rahisi ilikuwepo. Aseme amefunga, wazee wacheke, Sheikh acheke, na yeye arudi nyumbani na salama yake. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme hivyo, lakini Sheikh Marhoon alimtangulia.

"Usione haya," Sheikh akasema, na safari hii mdomo ukayafuata macho kidogo. "Najua lililokuleta. Forodha wanataka karani, na nimesikia Kiingereza chako ni kizuri. Kunywa kahawa yako. Kazi ni yako."

Mnong'ono wa kupendezwa ukapita sablani. Ishaq akashusha pumzi. Na hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe: Thabit hakutakiwa kusema hata neno moja. Alitakiwa anywe tu, na ile meza yenye droo ilikuwa yake. Hata funga haikumzuia, kwani sunna mtu anaweza kuifungua kwa ajili ya mwenyeji wake bila ya dhambi, hilo alilijua vizuri. Akaiinua finjani. Ilikuwa imefika karibu na masharubu yake, harufu ya iliki imeshamwingia puani, alipoiona miguu ya Muhsina. Aliiona ilivyokuwa juzi, imevimba, imelazwa juu ya mto, na mama yake anaikanda akisema maneno ya mzaha na uso usio na mzaha.

Akairudisha finjani chini mara ya pili.

Mzee mmoja upande wa mlango alisema "La ilaha illa Llah" kwa sauti. Haijapata kuonekana mtu kupewa haja yake na akairudisha finjani chini. Uso wa Sheikh Marhoon ulifungika kama dirisha.

Thabit akasimama. Mtu hasimami katika sabla ili aseme, husema pale alipokaa, lakini miguu yake ilifuata mafunzo ya zamani. Alikamata ukosi wa kanzu yake. "Mheshimiwa Spika," alianza.

"Nani?" aliuliza Sheikh Marhoon.

Wachache wakacheka. Nakala zote nne za hotuba yake ya zamani zilikuwa za Kiswahili na Kiingereza, na za saa mbili mbili. Kwa Kiarabu alikuwa na maneno machache tu, basi akayatoa hayo hayo, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Sheikh, kazi naitaka. Lakini sikuja kwa kazi. Wanawake wa mji huu wanazaa usiku. Mkunga yuko nje. Mlango umefungwa. Sitaki mlango. Nataka kilango, kwa mkunga peke yake, saa yoyote. Binti yangu yumo ndani. Hind alikuwa ndani. Kesho ni binti ya mwingine." Akatafuta neno la kumalizia, hakulipata. "Ndiyo hayo tu," akasema, akakaa.

Kwa kweli ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kuzitunga, na katika miaka hiyo sita ndiyo ya kwanza kuitoa. Akaikalia mikono yake.

Wazee walitazama mazulia. Mlango wa mji haukuwa jambo la kuchezewa, na kumfungulia mwanamke usiku hakukuwa kumepata kutajwa mle ndani. Lakini kila mzee aliyekuwepo alikuwa na binti, au mke wa mwanawe, na kila mmoja aliikumbuka sauti ya Amur chini ya dirisha la Hind.

"Umepewa kazi," Sheikh alisema taratibu, "ukaiacha kwa ajili ya kilango?"

"Naam."

"Na ukijua nikikupa hiki, ile nampa mwingine?"

Hilo Thabit alikuwa hajalijua mpaka sasa. Lilimchoma, usidhani halikumchoma. "Naam," akasema.

"Kunywa kahawa yako," alisema Sheikh Marhoon. "Haja yako imekwishatimia."

Thabit akanywa. Kahawa ilikuwa imepoa, imebaki uchungu mtupu, na yeye aliinywa yote mpaka machicha. Kisha, kwa kuwa funga ilikwishafunguka na tumbo lilikuwa linalia, mkono wake wenyewe ukaingia mfukoni, ukatoa ile tende, ukaitia mdomoni.

Sheikh akaiona. "Na hiyo tende ilikuwa inafanya nini mfukoni?"

Ishaq hakuweza kujizuia tena. "Sheikh, alikuwa amefunga," alisema. "Zile siku sita za Shawwal. Aliona haya kusema. Finjani aliiweka chini kwa sababu kwao Pemba huwekwa chini."

Vicheko vilivyotoka mle sablani vilisikika mpaka kwa wachoma mishikaki. Mzee wa mdila ilibidi akae. Sheikh Marhoon mwenyewe alifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Kumbe hukuwa na haja yoyote!" alisema.

"Haja nilikuwa nayo, Sheikh," Thabit akajibu. "Desturi ndiyo niliyokuwa sina."

Sheikh alitikisa kichwa. Angeweza kulirudisha neno lake hapo hapo, na pengine baadhi ya wazee wangemsaidia. Akaitisha karatasi badala yake. Kilichoandikwa kilikuwa mstari mmoja: kilango cha Mlango Mkubwa kifunguliwe kwa Mahfoudha mkunga saa yoyote atakapogonga, akiwa na fanusi. Akagonga muhuri wa pete yake chini.

Mahfoudha alikuwa mlangoni akingoja. Thabit alimpa karatasi kwanza, kisha akamweleza habari nzima, pamoja na ya forodha, kwani Ishaq angeieleza tu. Aliposikia ya forodha, Mahfoudha aliacha kucheka.

"Finjani ya kazi uliitia mdomoni?" aliuliza.

"Ilifika kwenye masharubu."

Mahfoudha alikwenda jikoni, na jioni ile Thabit alikula samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, ambao kwa kawaida ni wa Idi. Paa lilivuja kidogo, na hakuna aliyeuliza suala limefika wapi.

Karatasi ikapigiliwa msumari ndani ya kibanda cha Amur. Amur hakujua kusoma, na kwa hivyo kila Mahfoudha alipogonga, alidai kwanza asomewe amri yote mpaka kwenye muhuri, ndipo avute komeo. Mahfoudha, aliyeijua kwa moyo, aliisoma. Baada ya mara tatu Amur alikuwa ameihifadhi, wakawa wanaisoma pamoja, mmoja ndani na mmoja nje, na kilango kikafunguka kabla hawajafika "fanusi." Wiki ya kwanza tu kilipitisha mkoba wa ngozi mara mbili, na mara ya pili, alisema Mahfoudha, robo saa nyingine ingekuwa msiba.

Na Muhsina? Mji mzima ulimngoja. Thabit alilala na fanusi lililojazwa mafuta kando ya kitanda, viatu vimeelekezwa mlangoni. Muhsina akashikwa na uchungu siku ya Jumanne baada ya chai ya asubuhi, akajifungua mtoto wa kike adhuhuri, jua kali, Mlango Mkubwa wazi pande zote mbili na punda wa maji wakipita. Mahfoudha aliingia mjini akitembea taratibu kama anayekwenda kununua vitunguu.

"Adhuhuri!" Thabit alilalamika alipopewa mtoto. "Mimi nimeacha meza na droo yake, na yeye anakuja adhuhuri!"

"Mrudishe tumboni," alisema Bi Kheiria, "umwambie angoje mzinga." Tangu siku ile wakaelewana. Mtoto wakamwita Bakhita.

Julai ya mwaka uliofuata, mwaka 1970, Sultani mpya akashika nchi na mambo yakabadilika tena, na safari hii kwa furaha. Watu waliimba mitaani. Mzinga wa usiku ukanyamaza, milango ikaachwa wazi, na watoto wakawa wanapita na kurudi usiku bila ya fanusi, kwa kufurahia tu kwamba wanaweza. Ofisi mpya zikatafuta watu waliosoma, na Ishaq akamletea mkwewe fomu. Thabit aliijaza vizuri mpaka alipofika kwenye mstari uliouliza kazi za umma alizopata kuzifanya na yale aliyoyatimiza. Aliandika, "Mjumbe wa Baraza, 1963 hadi 1964." Kisha kalamu ikasimama hapo, na uso ukamshuka. Mahfoudha, aliyekuwa akimwogesha Bakhita kwenye beseni, alimwona.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Amur, hana bunduki, hana funguo, amevaa kama mtu wa kawaida, na mkononi ana karatasi yenye tundu la msumari, imeingia weusi wa moshi wa taa.

"Nimeirudisha kwa mwenyewe," alisema. "Mlango haufungwi tena. Amri hii haina kazi." Kisha, bila ya kuitazama, akaisoma yote kwa mara ya mwisho, mpaka kwenye muhuri. Akaaga, akaenda zake.

Thabit aliishika karatasi kwa mikono miwili. "Miezi saba," alisema. "Imeishi miezi saba, Mama Muhsina. Sheria yangu moja, nayo imekufa."

"Baraza lako liliishi miezi sita," alijibu Mahfoudha.

Alimkunja Bakhita katika kitambaa, akamweka mapajani mwa babu yake, akakausha mikono. "Kumi na wanne," akasema. "Watoto kumi na wanne nimewapokea kwa kilango kile, Baba Muhsina, na mama zao wote wazima. Mmoja jana kaanza kutambaa. Mkarafuuni hukuwajengea kituo, najua linakukereketa, nakusikia ukisema usingizini. Lakini hawa wanapumua. Haya, andika."

"Niandike vipi?"

"Andika: kilango."

Thabit akaandika. Wino ukamwagika kidogo juu ya fomu ya serikali, na Bakhita akaupiga teke ukazidi kuenea. Alipomaliza, akausoma mstari ule kwa sauti, sauti ile ya uwanjani ambayo nyumba ilikuwa haijaisikia tangu Pemba.

Mahfoudha alilifungua bati la biskuti, akailaza karatasi ya Amur juu ya ule ukurasa wa Baraza uliokwisha kuwa manjano, akakibonyeza kifuniko.

"Naam," alisema, wala hakuwa anamtania. "Naam."